Kikohozi cha Mzee Gaston

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, ikiwa imekwisha na majembe yameegemezwa ukutani, Denise alisimama barazani kwa kaka yake Kalenga, mikono juu, huku binti wa kaka yake, Émerence, akimpima chini ya kwapa. Kitambaa kilikuwa kitenge cha chama, cha kijani, chenye mkono ulioshika mwenge. Denise alitaka mabega yapanuke, kwa sababu siku ya gwaride angetembea mstari wa mbele na akina mama wa mtaa. Émerence alikuwa na pini mdomoni. Kulikuwa na baridi na vumbi, kama kawaida ya Kamina miezi hiyo, na harufu ya nyasi zilizochomwa ilikuwa imeingia hadi kwenye nguo.

Mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka tangu kiangazi kianze. Gari la maji la Base, kambi ya jeshi nje ya mji, lilipiga honi kwenye kona, na wanawake wakatoka mbio na ndoo na mabeseni. Dereva akashuka, akavuta mpira, akaanza kujaza. Alikuwa kijana mrefu aitwaye Ferdinand Likoke. Kabla ya kufunga bomba alimwangalia Émerence barazani, akainua mkono. Denise aliona.

"Basoda habana kwabo," alisema, akimaanisha askari. "Batamuacha mutoto wetu ku gare na mizigo."

Hakusema kwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na kabla ya neno la mwisho ilitoa kikohozi kikavu kilichomtikisa Denise mbavu hadi utepe wa kupimia ukateleza. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mukono uongeze kidogo, Émerence. Usinifinye."

Émerence aliokota utepe, akaanza kupima upya.

Habari zake na Ferdinand zilikuwa zimeanza mwaka uliotangulia, kijana huyo alipoleta ashonewe turubai la kiti cha gari. Turubai lilikuwa gumu, likavunja sindano ya cherehani, na sindano za namna ile hazikupatikana Kamina. Ferdinand alimtuma dereva mwenzake aliyekuwa akienda Lubumbashi, na sindano mpya ilipofika hakuitoa kama zawadi. Aliiweka juu ya meza, akasema, "Njo ile yako nilivunja," akaondoka. Baada ya hapo alipata sababu nyingi za kupita. Hakuwa mwanajeshi. Baba yake Mputu, aliyeitwa Ajida kwa cheo chake cha jeshini, ndiye aliyekuwa mwanajeshi, mtu wa Équateur, mkoa wa mbali kaskazini, aliyeletwa Base zamani na sasa amestaafu. Ferdinand alizaliwa kwenye nyumba za kambi, akaongea Kiluba kabla hajajua Lingala ya wazazi wake, na mama yake alizikwa makaburi ya Kamina. Kila mwaka nyasi zilipopanda alikwenda kulipalilia kaburi. Équateur alikuwa hajafika hata siku moja.

Ile miaka, watu wa mtaa walikuwa bado wanakumbuka vita vya Kolwezi, na neno soda halikutamkwa bila kuangalia nyuma. Lakini wake wa askari waliuza sabuni na samaki wa makopo sokoni pamoja na wengine, watoto wao walikaa dawati moja na watoto wa mtaa, na maji yao yalinyweka. Mtu akiwa peke yake na Ferdinand alimsifu. Kalenga mwenyewe, aliyelima mahindi na muhogo kwenye barabara ya Base, aliwahi kupakiwa na Ferdinand garini pamoja na magunia yake siku ya mvua, na usiku ule alisema mezani kwa sauti yake ya kila siku, "Ule mutoto iko na adabu. Kama anakuya kubisha hodi, minyi sitamufukuza."

Jumapili iliyofuata alikwenda kwenye mkutano wa kamati ya parokia. Wazee walikaa kwenye mabenchi nje ya kanisa, mmoja akataja harusi ya fulani, mwingine akataja Base. Kalenga aliporudi alivua kofia, akaketi, akamwambia mke wake kwa sauti nzito isiyokuwa yake kwamba basoda hawana kwao, watamwacha mtoto wao stesheni na mizigo. Alikohoa. Mke wake akamletea maji ya moto.

Kufikia mwezi wa nane sauti ile ilikuwa imesikika karibu kila nyumba ya mtaa. Muuza mafuta ya taa aliisema, mwalimu wa katekisimu aliisema, wasichana wa kwaya waliisema wakifungua vitabu vya nyimbo, wote kwa ule uzito wa kiume na kile kikohozi. Walipoongea mambo mengine, bei ya samaki wa Mulongo au mtoto aliyeota meno, kila mmoja alitumia sauti yake. Padri, Mbelgiji mzee, aliuliza siku moja kama kuna mafua yanayozunguka. Wakamjibu kuwa ni vumbi.

Émerence hakuisema. Aliposikia aliinamisha kichwa kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu zaidi. Alimwambia Ferdinand aje na baba yake kujitambulisha, siku ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, watu wakiwa wametoka misa na wametulia.

Siku chache kabla, mwanamke mmoja wa Base alikuja kuchukua sare ya shule ya mwanawe. Sare haikuwa tayari, na kosa lilikuwa la Émerence. Yule mama hakugomba. Alisema atarudi, akaenda zake. Kwenye benchi walikuwa wamekaa majirani watatu wakichambua sombe, majani ya muhogo, na mmoja wao akasonya na kumtazama Émerence, akingoja. Wengine pia wakangoja. Émerence hakuwa na chuki na yule mama. Alitaka tu ule ukimya upite, wamwache aendelee na kazi.

"Basoda habana kwabo," alisema.

Sauti ilitoka tumboni kwake kama gunia linalokokotwa. Kikohozi kilimjia, kikamchoma kifuani. Majirani waliitikia kwa vichwa, wakarudi kwenye sombe zao, na mmoja akasogea kumpa nafasi kwenye benchi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu habari za Ferdinand zijulikane. Émerence alikwenda nyuma ya nyumba, akasukutua mdomo kwa maji ya gari la Base, akatema. Alijaribu kusema jina lake. Lilitoka vizuri.

Kesho yake alifunga cherehani, akatembea hadi kijijini kwa mama wa mama yake. Nkambo Mwila alikuwa mzee sana, lakini bado alilima karanga zake mwenyewe. Émerence alimkuta ameketi kwenye mkeka akibangua. Akapiga magoti, akasalimia, akaketi, akaanza kubangua naye.

"Nkambo, kuko sauti moja ku cité, mu mutaa yetu," alisema. "Inaingia mu kinywa ya bantu bote. Jana iliingia mu kinywa yangu."

"Sema yayo nisikie."

Émerence alisema ile sentensi. Mikono ya bibi ilisimama. Alisikiliza hadi mwisho wa kikohozi, kama mtu anayesikiliza treni kujua inakwenda upande gani.

"Ile njo Gaston," alisema. "Bwana yangu. Nkambo wako mwanaume. Kifua yake ilikuwa vile, sababu ya vumbi ya makaa, ku mugodi ya Luena."

Gaston alifariki kabla Émerence hajazaliwa. Nyumbani palikuwa na picha yake ukutani, akiwa amevaa koti jeupe la nyapara, na watu walimtaja kwa heshima. Ilijulikana kwamba alikuwa mtu aliyedhulumiwa: mke wake alimkimbia na askari, askari akamtupa stesheni, naye Gaston kwa huruma akamrudisha.

"Haikuwa vile," alisema Nkambo Mwila, akarudi kubangua. "Ilikuwa wakati wa vita ya Bazungu. Tulikuwa tunatoka Luena. Mama yako alikuwa mu mugongo yangu, hajatembea. Gaston aliniambia nichunge mizigo, anaenda kununua mukate. Treni ya Bukama ilikuya, niliona koti yake inapanda, na mwanamuke mwengine nyuma yake. Nilikaa pale ku gare mpaka chakula iliisha. Basoda balipita, bale ba kule juu, banaenda ku vita. Mumoja alisikia mutoto analia. Alinipa fasi mu wagon yabo, alibeba mizigo, akanishusha Kamina. Jina yake sikuijua. Lingala sikusikia. Ni vile tu."

"Na kisha?"

"Kisha Gaston alirudia, mwanamuke amemufukuza. Bantu balimuuliza kwa nini bibi yake alirudia na treni ya basoda. Akasema ile alisema. Alisema bongo, maneno haikuwa kweli, na ile sauti. Hata mama yangu alimuamini. Balinipeleka mbele ya wazee na kuku mu mikono, nimuombe musamaha. Nilimuomba. Akanisamehe."

Karanga ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Émerence aliuliza kwa nini hakusema ukweli miaka yote.

"Nilisema," alijibu. "Nilisema mara moja. Sauti yangu ilikuwa kidogo."

Émerence alimwomba aje siku ya sikukuu. Alikuja, amebebwa nyuma ya baiskeli ya jirani, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Wakamkalisha kwenye kiti chenye mikono. Pembeni walikaa Kalenga na mkewe, Denise, wajomba wawili kutoka Sanga, na majirani waliokuja kusaidia kupika na kubaki kusikiliza. Ajida Mputu alifika na Ferdinand, wote wawili wamevaa abacost, suti zisizo na tai, zilizopigwa pasi. Walileta mbuzi, kitenge cha mama, na dumu la mafuta ya mawese. Mbuzi alifungwa kwenye mpapai. Walikaribishwa, wakapewa munkoyo, kinywaji cha mahindi, wakaulizwa habari za nyumbani.

Ajida alisimama, akasema kwa Kiswahili chake cha Lingala kwamba mwanawe ameona ua kwenye uwanja huu, na kwamba yeye mwenyewe amezeeka Kamina na atazikwa Kamina, karibu na mke wake. Alisema kwa unyenyekevu. Wajomba waliitikia vizuri. Mambo yangeweza kwenda.

Kisha Denise alifungua mdomo, na sauti ya Gaston ikatoka. Mjomba mmoja akaongeza, na ikatoka kwake pia. Mke wa Kalenga akaisema akiangalia mkeka. Ilipita kutoka kiti hadi kiti, ikikohoa kwa kila mmoja kwa zamu, na Ajida Mputu alisikiliza amesimama, mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama kambini.

"Mungoje," alisema Émerence. "Nkambo iko na neno."

Nkambo Mwila alisema yote. Hakuinua sauti, lakini maneno yake yalifika hadi kwa waliokuwa jikoni. Alisema Luena, alisema koti linalopanda treni, alisema askari aliyebeba mizigo, alisema kuku. Alipomaliza alivuta kitambaa chake usoni kidogo, akakaa.

Hakuna aliyebisha. Mama yake Émerence ndiye aliyesema wa kwanza, kwa sauti yake.

"Ni kweli. Ni sauti ya papa. Minyi niliitambua tangu siku ya kwanza. Hata kikohozi."

"Mama anasema kweli," alisema Kalenga. "Hawezi kusema bongo mbele ya wageni."

"Kweli iko kweli," alisema Denise, akapangusa machozi, kwa sababu alikuwa mtu wa huruma. Alimpigia Nkambo Mwila makofi ya heshima, viganja vikiwa vimekunjwa, na wote wakafanya hivyo. Halafu Denise alikaa sawa, akawageukia wageni. "Lakini basoda habana kwabo," alisema, kwa sauti ya Gaston. "Batamuacha mutoto wetu ku gare na mizigo."

"Njo vile," walisema wajomba, kwa sauti ileile.

Kalenga alisema jambo hili ni la wote, haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja, na kwamba hata kule kanisani atasimama vipi. Alisema hivyo kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, na ilikuwa dhahiri kwamba inamuuma. Kisha akamwambia Émerence aseme yeye, kwa kuwa ndiye mwenye maisha.

Émerence alisimama. Alikuwa ametengeneza maneno tangu kijijini, mafupi, ya kawaida. Aliona nyuso zote zimemgeukia: mama yake, shangazi yake, wasichana wa kwaya mlangoni, majirani wa benchi. Alifungua mdomo, na Gaston akasema. Alisema yote, neno kwa neno, akakohoa mahali pake.

Ferdinand aliinuka. Alivua kofia. Kwa kuwa sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyemzidi kwa miaka mingi, alipiga makofi ya heshima, akainama kidogo, akajibu kwa Kiluba kama mtoto aliyelelewa vizuri, "Eyo Vidye," yaani ndiyo, mheshimiwa. Ajida Mputu alishukuru kwa munkoyo. Wakatoka.

Émerence aliwafuata hadi barabarani, ambako gari la maji lilikuwa limeegeshwa chini ya nguzo ya umeme. Ajida alipanda, akaangalia mbele. Ferdinand alibaki chini.

"Turubai ya kiti imepasuka tena?" aliuliza Émerence. Hiyo ilitoka kwa sauti yake.

"Haijapasuka. Ulishona nguvu."

"Ferdinand," alisema, na hilo nalo lilitoka vizuri. Alipojaribu kuongeza neno, alihisi uzito unapanda kutoka tumboni, akafunga mdomo haraka.

"Usiseme kintu," alisema Ferdinand. "Minyi sina lazima ya sauti. Inamisha kichwa tu, mara moja. Nitarudia kesho, na kesho kutwa, mpaka bachoke."

Shingo ilikuwa yake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ndani yake. Aliijaribu kidogo, akageuza kichwa upande wa nyumba, ikageuka bila shida. Barazani walikuwa wamesimama wote wakitazama, Denise mbele na mkono kiunoni. Kule nyuma, Nkambo Mwila pekee alikuwa amebaki kwenye kiti chake, na kutoka barabarani hakuonekana vizuri. Mbuzi alikuwa akilia, kwa maana walikuwa wamemsahau kwenye mpapai.

Hakuinamisha kichwa.

Ferdinand alimpa muda, zaidi ya muda uliohitajika. Kisha akarudi kumfungua mbuzi, akampandisha garini alikokuwa baba yake, akawasha injini. Barazani Denise alikuwa amekwisha kuwaita watu waje wale, ugali wa bukari usipoe.

Mwaka uliofuata Émerence aliolewa na Émile, mwalimu kutoka ukoo wa Kyungu, mtu wa kule kwao, ambaye hakuna aliyekuwa na neno juu yake. Alikuwa mume mwema. Hakupiga, hakunywa, na alikuwa akisoma gazeti lake jioni bila kuongea. Ferdinand alioa baadaye, binti wa sajenti. Aliendelea kuleta maji kila kiangazi, na ilipofika zamu ya Émerence alijaza ndoo yake sawa na za wengine. Walisalimiana. Nkambo Mwila alikufa mwisho wa mvua za masika. Kwenye matanga watu walisema habari za Luena waziwazi, wakamsikitikia, na mzee mmoja akapendekeza azikwe pembeni ya mume wake. Akazikwa hapo.

Mtoto wa kwanza wa Émerence, Débora, alichelewa kuongea. Alitembea, alielekeza kwa kidole, alicheka, lakini maneno hayakuja, na bibi zake walikuwa wameanza kuwa na wasiwasi. Mchana mmoja wa Jumapili, watu wakiwa wamejaa barazani kwa Kalenga baada ya misa, mwanamke wa Base alipita barabarani na beseni la samaki kichwani, akawaamkia. Débora alisimama, akashika goti la Denise, akafungua mdomo wake wenye meno madogo.

"Basoda habana kwabo," alisema, kwa sauti ya nyapara, akakohoa hadi akakaa chini.

Baraza zima likapiga vigelegele. Denise alimnyanyua juu, akamzungusha. "Anasema!" alisema. "Na anasema safi, neno kwa neno, kama muntu mukubwa!" Émile aliweka gazeti chini, akatabasamu. Mama yake Émerence alikwenda ndani kutafuta kitu kitamu cha kumpa mtoto.

Mwanamke mwenye beseni alikuwa amesimama barabarani, akingoja kuona kama kuna atakayenunua. Émerence alitazama mtoto wake, akamtazama yule mama, akatazama watu waliojaa furaha pande zote. Lilikuwapo jambo la kusema, na alilijua.

"Sema tena," alimwambia mtoto. "Papa yako hakusikia vizuri."